Tovuti ya Vikapu

Alhamisi usiku, Ngara

Eti kazi yangu ni ya kitoto. Binamu Deo, aliyekuja kutoka Mwanza anakotengeneza tovuti, ameiangalia tovuti niliyowatengenezea akina mama wakimbizi wanaosuka vikapu, akacheka. "Dada, mbona haina hata picha inayocheza?"

Nikamwambia afungue ya kwake hapahapa, kwa mtandao wetu. Tukangoja mpaka jenereta ikazimwa, ukurasa bado mweupe.

Yangu ilifunguka juzi kwa mtandao huohuo, Mama Odeta, mmoja wa wasukaji, akiwa amesimama nyuma yangu. Akagusa picha ya kikapu kwenye kioo cha kompyuta. "Hiki changu. Nilikisukia kambini."

Hakuna mteja aliyeandika bado, na hilo linaninyima usingizi. Lakini sikuitengeneza ili Mwanza wanisifu. Kesho naweka jina la Mama Odeta chini ya kikapu chake, kwa herufi kubwa.