Bakuli la Mama Kachori Linaishia Ngazini

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako na naomba uwe wa upesi kwa sababu wageni wanakuja Jumapili na mama ameshaazima viti.

Nina miaka kumi na mitano na ni mtu wa aibu, si aibu ya kuringa, ni ya kweli, mwalimu akitaja jina langu naangusha kalamu. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, Kiswahili na ile nyingine, na zote mbili nazijua vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko mdomoni. Hili la lugha nakueleza mapema kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Chini ya jengo letu, mbele ya duka la vipuri vya pikipiki, kuna mama mmoja wa Kihindi aliyehamia mtaani mwaka huu na mumewe, ana meza, mwavuli mkubwa, karai la mafuta na vibakuli saba vya vikorombwezo, na sisi tunamwita Mama Kachori. Mshauri, sijui kama umewahi kula kachori iliyopasuliwa kwa kidole gumba ikiwa bado inafuka moshi, ikamwagiwa dengu, mtindi wa baridi, ukwaju, kitunguu, majani ya giligilani, na juu yake zile tambi nyembamba za unga wa dengu zinazolia mdomoni krr krr. Halafu kuna vile vitufe vya unga vyepesi kama ganda la yai, anatoboa kimoja, anakijaza viazi, anakizamisha kwenye maji ya mnanaa na pilipili, na unatakiwa ukitupie mdomoni kizima kizima maana ukikiuma nusu kinakumwagikia. Sare yangu ya shule ina madoa matatu. Siku ya kwanza nilikohoa mpaka machozi, Mama Kachori akacheka, akanipa kingine, na tangu siku hiyo akiniona natoka shule ananiita nionje hiki na kile, na mimi naitikia, "Asante, anti," na kwa kweli yeye ndiye mtu pekee mtaani ninayeweza kuongea naye bila kutazama viatu.

Mama yangu ni fundi cherehani, yuko karakana ya mbali, siku za kazi anarudi meza imeshafungwa. Jumamosi anawahi kurudi, na Jumamosi ndiyo siku ya nyama nyumbani kwetu. Mama anaongea Kiswahili tu. Kiswahili cha Mama Kachori kinaishia kwenye "karibu" na "pilipili nyingi?"

Basi Jumamosi moja mama akajaza lile bakuli letu lenye mfuniko, akachagua vipande vyenye uboho, vile ambavyo baba huwa anavivizia, akaniambia, "Mpelekee yule mama. Mtu ananilishia mtoto kila siku, mimi nimekaa tu kama sina jiko!" Nikashuka. Mama Kachori akafunua, akanusa, akafunika taratibu, akaniambia kwa lugha ya shule kwamba inanukia vizuri sana, lakini yeye na mumewe hawali nyama, hawajala tangu wazaliwe, nimwambie mama asante sana na asije akajisikia vibaya. Wala hakukasirika. Nikasema, "Sawa, anti."

Nikaanza kupanda ngazi najipangia: mama, hawali nyama. Maneno matatu. Lakini mama alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, amechungulia muda wote, na kutoka kule juu haoni kitu isipokuwa mwavuli na mkono wa Mama Kachori unaompungia, na mama naye alikuwa anapunga kwa mikono yote miwili na anacheka peke yake, na mimi mama yangu sijamwona akicheka peke yake tangu tuhamie hapa. Sikutaka kumharibia. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili kuna jokofu bovu lililoachwa na mpangaji fulani, nikakaa nyuma yake nifikirie. Mchuzi ulikuwa umejaa sana, nikaonja kidogo usije ukamwagika. Halafu nikaonja tena. Mshauri, sikupanga. Nilipoangalia, bakuli lilikuwa na mifupa tu, na mifupa yenyewe nilikuwa nimeshaifyonza.

Nikashuka bombani kuosha ushahidi. Mama Kachori akaniona na bakuli safi, akaniita, akatia kachori sita. Nikapandisha.

"Umeona watu wenye adabu?" mama akamwambia baba. "Bakuli halikurudi tupu! Haya, kasemaje?"

"Kasema tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu... sana."

"Mtoto huyu! Unasomeshwa lugha mbili unaniletea neno moja?"

Ndipo nikaongeza. Nikasema amesema nyama laini, amesema mkono wa mama ni wa mpishi hasa. Na Jumamosi iliyofuata bakuli likatoka tena, na ikawa ndiyo mtindo, nala nyuma ya jokofu, naosha, nampelekea Mama Kachori bakuli, namwambia, "Mama anakusalimia," mama anapunga kutoka roshani, bakuli linajazwa, napandisha, na mama ananisubiri mlangoni na kitambaa cha jikoni begani anataka taarifa kamili.

Sasa hapa naomba usinichukie. Mama yangu alikuwa anazidisha chumvi. Wiki ya pili nikasema, "Anti amesema ni tamu, ila chumvi imezidi kidogo." Mama akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba. Nikajua leo nimekwisha. Akasema, "Kweli. Yule ni mpishi, anajua."

Baba akaweka kijiko chini. "Miaka kumi na saba nasema chumvi! Miaka kumi na saba naambiwa nikapike mwenyewe!"

"Na wewe ni mpishi?" mama akamuuliza.

Basi nikaonja utamu wa kusikilizwa, mshauri, maana mimi nyumbani huwa hata siulizwi. Wiki ya tatu anti akasema vitunguu vikaangwe mpaka viwe vya kahawia kabisa. Wiki ya tano akasema nyama ilale kwenye mtindi na tangawizi. Lile la kukaanga bizari na iliki kavukavu kabla ya kutwanga si uongo sana kwa sababu nilimwona kwa macho yangu akifanya hivyo pale mezani kwake. Na sasa ile nyama, sijui nikuelezeje, inaachia mfupa ukiitazama tu, mchuzi mzito, unanukia mpaka muuguzi wa ghorofa ya pili anafungua mlango kuuliza leo kuna nini. Nala sahani yangu mezani na bakuli la jirani ngazini na bado nalamba vidole. Jumamosi tisa.

Na huko karakana mama anasimulia habari za "rafiki yangu, yule mama wa kachori". Juzi alikuwa anapiga pasi akaniambia, "Unajua, mimi sijawahi kusifiwa na mtu asiyekuwa na sababu ya kunisifia. Baba yako anasifia akitaka jambo. Yule mama hanidai, simdai, ila anasema kweli, hata chumvi alisema." Nikaenda chooni nikakaa.

Halafu akaamua kuwaalika chakula cha mchana, yeye na mumewe, Jumapili hii, biriani ya mbuzi, mbuzi ameshaagizwa kwa mwenye bucha, viti vimeazimwa kwa muuguzi, na mimi niwe mkalimani mezani. Akanituma nikaalike. Mama Kachori akafurahi, akasema watakuja, halafu akauliza, "Mama anajua kwamba hatuli nyama, sivyo?"

Nikasema, "Anajua, anti."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ninapoona aibu najibu kile kinachomaliza mazungumzo haraka.

Sasa nimewaza mambo matatu, niseme daktari amewakataza nyama kuanzia wiki hii, au niugue, kuugua najua, au nimwambie Mama Kachori kwamba mama amepata udhuru na nimwambie mama kwamba Mama Kachori amepata udhuru. Naomba unichagulie lililo bora, au kama una lako, unipe. Mama akijua atampoteza rafiki yake mmoja tu aliyenaye hapa, na aliyempotezea nitakuwa mimi. Naomba usitaje jina langu.

Wako,
Mkalimani Aliyeshiba

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Mkalimani,

Umeniomba nikuchagulie uongo. Bidhaa hiyo sina, na hata ningekuwa nayo nisingekupa wewe, maana ya kwako mwenyewe inakutosha na kusaza.

Sikufichi, nimecheka. Nilipofika kwenye jokofu bovu ilibidi niweke kikombe chini. Na nimekuelewa: una aibu, mama alikuwa anafurahi, nyama ilikuwa ya moto. Kwa Jumamosi ile ya kwanza sina ugomvi nawe. Lakini uliposema chumvi imezidi, hapo aibu ilikuwa imeshakwenda zake, hapo ulikuwa unaendesha jiko la watu kutoka ngazini. Usijifiche nyuma ya upole wako kama ulivyojificha nyuma ya jokofu.

Umeandika kurasa tatu kuhusu mama yako atajisikiaje na wewe utajisikiaje. Sasa kaa kwenye kiti cha Mama Kachori. Yeye nyama aliiona mara moja tu, akaikataa kwa heshima. Baada ya hapo anachoona ni hiki: kila Jumamosi, kutoka ghorofa ya tatu, linateremshwa bakuli tupu. Limeoshwa, linang'aa. Mtoto analikabidhi anasema, "Mama anakusalimia." Na kule juu mama mwenyewe amesimama rasmi, anapunga mikono miwili, kuhakikisha linajazwa! Hukuliwaza hilo, eh? Mara nane, mwanangu! Umemfanya mama yako, mwanamke anayetoa vipande vya uboho kwa jirani asiyemjua, aonekane mlafi wa mtaa.

Na yule mama amejaza mara zote nane. Hakuuliza, hakununa, na alipoalikwa alifurahi. Huyo ndiye mtu unayedhani atapotea ukisema kweli? Kama bakuli tupu mara nane halikumfukuza, hatafukuzwa na ukweli.

Kwa hiyo usimwambie mama kwamba rafiki yake amepotea. Mwambie kwamba hawajaanza. Mkalishe chini, asiwe na kisu mkononi wala pasi, na baba asiwepo, maana akisikia habari za chumvi atataka kuchangia. Mwambie hawali nyama, mwambie nani alikuwa anakula, mwambie maneno yale yalikuwa yako. Atakuuliza, "Kwa hiyo hajawahi kuonja?" Jibu hajawahi. Usiongeze sukari. Atakasirika, na itamuuma, na ile sentensi yake ya kusifiwa bila sababu itakurudia machoni. Ivumilie, ni yako. Usikimbilie chooni.

Akishatulia mwambie na hili: aliyekuwa na sababu ya kweli ya kuisifia nyama hiyo ni wewe, na ulikuwa unaisifia kwa kuimaliza. Na mambo ya mtindi na vitunguu uliyajua wewe. Mtu wa miaka kumi na mitano mwenye ulimi kama huo mahali pake ni jikoni, kando ya mama yake, anasema kwa sauti yake, "Mama, chumvi." Mara ya kwanza utaangusha kijiko. Utazoea.

Kisha shuka, peke yako, ukamwombe radhi Mama Kachori kwa lugha ile ya shule. Mweleze bakuli lilikuwa linatoka juu na nini, na linafika chini na nini. Halafu umuulize wanakula nini, mayai je, na kama sufuria iliyopikiwa nyama inawatatiza. Muulize, usikisie, umekisia vya kutosha. Mwenye bucha aambiwe asubiri. Biriani ya viazi na mboga ipo na ni nzuri, na kama mama hajawahi kuipika, amwite mgeni wake jikoni mapema waipike pamoja. Wewe usimame katikati.

Na mezani, kazi yako ni moja: kusema kilichosemwa. Mgeni akisema viazi havijaiva, wewe sema viazi havijaiva. Akisema wali ni mtamu, sema ni mtamu, uishie hapo hapo. Mama yako amekula maneno ya kupikwa Jumamosi tisa, mwache apate sifa moja mbichi, hata kama ni ndogo.

Hutaki jina lako litajwe, sikulitaja. Lakini gazeti hili linatoka leo Alhamisi mchana, na karakana za ushonaji hulinunua na kulisoma kwa sauti wakati wa chai. Najua, kwa sababu nusu ya barua ninazopata zinatoka huko. Fundi cherehani, ghorofa ya tatu, mama wa kachori chini ya mwavuli: hatahitaji jina. Chai ya kesho ni saa nne asubuhi. Weka gazeti chini, mama yako akifungua mlango jioni hii, anza.