Picha Niliyoitaka Nambilanje

Shikamoo mama. Mimi mzima, ila uso sijui niuweke wapi.

Unakikumbuka kile kikundi cha akina mama wa Ruangwa wanaowahifadhi mabinti waliokimbia kuozeshwa? Nilikinyima ufadhili wa shirika letu kwa sababu ripoti yao haikuwa na picha ya mtoto hata mmoja. Leo nimewafuata kijijini kwao Nambilanje, eti nikawafundishe kuandika ripoti. Wamenipikia ugali wa muhogo na mbaazi. Binti mmoja alipokuja kuninawisha, nikatoa simu nimpige picha. Akajifunika kanga uso mzima, maji yote yakanimwagikia miguuni.

Mwenyekiti wao, Bi Somoe, akanishika mkono taratibu. "Mwanangu, baba yake anamtafuta mpaka Nachingwea. Hiyo picha ukiisambaza, yeye si ataiona?"

Nikairudisha simu mkobani. Yule binti akachota maji mengine, akaninawisha upya bila kunitazama. Mbaazi zilikuwa tamu, mama, lakini nilikula nimeinamia sahani.

Sharti lile la picha nililitunga mimi mwenyewe. Nikirudi ofisini nitalifuta kwanza, ndipo nije kukuamkia. Korosho nitakuletea. Picha za safari usiniulize.

Mwanao,
Zuhura