Utepe Juu ya Mpunga

Jumatatu, 28 Aprili 2025
Tangu kiharusi cha Februari Baba hajatoa neno. Leo asubuhi katoa moja — kanda. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, kwenye redio kuukuu juu ya kabati. Kanda. Mara mbili! Anataka kujisikia akiimba. Nikamwambia uji unapoa. Muongo mkubwa mimi.

Jumatano, 30 Aprili
Niandike tu, hapa hakuna wa kunisuta. Mwezi wa tatu kwelea walivamia mpunga wetu kule Itetemia. Watu wote hufunga utepe wa kanda juu ya shamba — unameremeta, unavuma kwa upepo, ndege wanakimbia. Nami nikavuta boksi la kanda chini ya kitanda, nikazichomoa moja moja kama matumbo ya kuku. Sikusoma hata maandishi! Jana nimeokota kasha moja tupu jalalani. Mwandiko wa marehemu kaka Valentino: Baba na zeze. Nyimbo za wapagazi. Kaliua, 1991.

Nyimbo hizo Baba alifundishwa na babu yake, aliyebeba mizigo begani kwa miguu hadi Bagamoyo. Hakuna mwingine aliyebaki anayezijua. Mimi najua mistari miwili ya wimbo mmoja. Miwili! Alipokuwa akiimba uani, mimi nilikuwa mazoezi ya kwaya, nikimwonea haya na zeze lake.

Ijumaa, 2 Mei
Nimeenda Kanyenye kwa Twalibu, fundi redio, na utepe niliouvuta shambani, umejaa mfuko mzima. Hakucheka. Tangu saa tatu mpaka adhuhuri alikuwa akiunga vipande, akizungusha kwa kalamu. Mwisho ukalia. Shwaaa ndefu. Halafu zeze, kidogo. Halafu Baba akikohoa, akimwambia Valentino asubiri kwanza anywe maji.

Basi. Baada ya hapo shwaaa mpaka mwisho. Twalibu akasema jua limeshaula, dada, hata Dar hawawezi. Nikarudi kwa miguu nikilia, wala sikujali nani ananitazama.

Jumapili, 4 Mei
Baada ya misa nilimwimbia Baba mistari yangu miwili. Alifumba macho. Nilipomaliza akafumbua, akangoja. Nikarudia ileile. Akageukia ukutani.

Jumanne, 6 Mei
Naandika nikiwa shambani. Tangu asubuhi Baba alikuwa anaonyesha mlango, mpaka majirani wakampakia kwenye bajaji. Tumemkalisha kwenye kiti ukingoni mwa mpunga. Upepo upo. Utepe uliobaki unavuma shamba zima. Aliutazama, akaufuata kwa macho hadi kwenye kigingi, kisha akanitazama mimi.

Nikapiga magoti. Kwa Kiswahili ilikataa kutoka, nikasema kwa Kinyamwezi kwamba ni zile kanda za Valentino.

"Nilizifunga mimi, Baba. Sikusoma."

Nilingoja hasira. Ningeipokea, ingekuwa nafuu. Yeye akaushika utepe wa karibu, ule uliokazwa sana, akaucharaza kwa kidole gumba. Mlio mdogo, kama wa mbu. Akacharaza tena, na tena — na pigo lile nalijua! Akaninyooshea kidevu: imba.

Nimeimba mstari wa kwanza. Nimeimba wa pili.

Wa tatu anao yeye kichwani, na ulimi umekufa. Nimechukua daftari ili nisimwangalie. Bado anacharaza. Kila nikiinua uso, anatazama mdomo wangu