Nauli Iliyoliwa na Mteremko wa Gitting

Katesh, Hanang
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kama umenipigia tangu juzi na simu haipatikani, usiogope, sijafa wala sijafungwa. Simu nimeiuza, na sababu utaikuta huko mbele. Barua hii anakuletea mwalimu mmoja wa hapo Mbinga mjini anayefundisha huku Dirma. Shule zimefungwa, anakwenda likizo. Mpe chai, na umfungie kahawa kidogo ya kurudi nayo, maana amenisikiliza sana siku hizi.

Goti lako linaendeleaje? Kahawa mmeshapalilia? Na Tekla, lile jino lililokuwa linacheza limeng'oka? Mimi mzima, ila baridi ya huku chini ya mlima haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya blanketi. Asubuhi nikiwa napasha gari moto nawaza kwamba saa hizi unakoka moto na mwanangu amekaa pembeni anasubiri kiazi. Hamu ya nyumbani inanibana mpaka abiria anaposema Katesh mimi nasikia Mbinga, namuuliza mara mbili anakwenda wapi.

Sasa mama, kaa chini. Nilikwambia kwenye simu kwamba mzee mwenye gari amenikatalia ruhusa ya kuja kumpeleka Tekla darasa la kwanza. Nilikudanganya. Sikuwa nimemwomba hata siku moja. Nauli ndiyo ilikuwa imeisha, na nilivyoimaliza niliona aibu kukueleza huku wewe unanisifia kwa majirani kwamba Damasi ana gari.

Gari lenyewe bado si langu, hilo unalijua. Ni Noah ya mkataba. Kila Jumamosi nampelekea mzee hesabu yake, na nikitimiza miaka miwili kadi inaandikwa jina langu. Nimebakiza miezi mitano. Lakini wiki nikishindwa kupeleka, ufunguo unarudi kwake na yote niliyolipa yamekwenda na maji. Mafuta ni juu yangu, tairi juu yangu, bima, fundi, faini za barabarani, vyote juu yangu. Nina daftari. Nimechora mistari minne: mzee, mafuta, fundi, na wa mwisho nimeandika Tekla. Mistari mitatu ya juu haishibi mama, na ikikosa chakula inateremka kula wa chini.

Mafuta yalipopanda bei nikachanganyikiwa. Ndipo mwenzangu Isaya, dereva wa siku nyingi wa njia hii ya Gitting, akanifundisha ujanja wao. Kutoka Gitting kurudi huku barabara inashuka muda mrefu. Madereva wanazima injini kule juu na kuliachia gari lishuke lenyewe. "Mlima unakusukuma bure," aliniambia, "wewe unaunguza mafuta ya nini?" Nikajaribu. Kila siku nikawa nabakiza kidogo, na chote nakiweka kwenye mstari wa Tekla. Wiki tano nzima nilikuwa nashuka kimya kimya, nasikia upepo na kuku wa abiria, najiona mjanja kuliko madereva wote wa Manyara.

Wiki ya sita, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nina abiria wanane, mbele amekaa bibi mmoja wa Gitting na kikapu cha mayai. Nikazima kama kawaida. Mara ng'ombe wakakatiza. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Ya tatu pedeli ikawa ngumu kabisa. Breki za magari haya zinasaidiwa na injini mama, ukizima unabaki na mguu wako tu. Usukani nao ukawa mzito. Yule bibi akanigeukia, wala hakupiga kelele.

"Wewe kijana," akasema, "gari yako imezima. Mbona inakimbia?"

Nikakata kushoto, nikapita kwenye uzio wa miiba, nikaingia shamba la maharage la mtu na kulilima mpaka katikati. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Mayai ya bibi yalivunjika matatu, akanidai papo hapo kabla hata hajashuka, nikalipa. Nililia mama. Mbele ya abiria wangu wote.

Mwenye shamba wanamwita Baba Paulina. Alikuja na maksai wake wawili, wakalivuta gari hadi barabarani. Nikamwomba aseme bei ya maharage.

"Pesa yako sitaki," akasema. "Pesa nitakula itaisha, shamba itabaki wazi. Kesho uje na jembe."

Nikaenda siku mbili. Shamba liko kwenye mteremko, na mkono wangu mama ulifanya unachokijua. Nilikata majani nikayalaza mirabamiraba, nikachimba katikati na kufunika kwa udongo, ngoro za kwetu kabisa, kama ulivyonifundisha wakati hukuwa na binti wa kukusaidia na wenzangu wananicheka. Baba Paulina akasimama akitazama yale mashimo.

"Unazika nani hapa?"

Nikamweleza kwamba hivi ndivyo tunavyolima kwetu, maji ya mvua yanatulia mashimoni hayabebi udongo. Akakubali kwa kichwa. Akauliza aliyenifundisha yuko wapi. Nikasema ni mama yangu, yuko mbali, siku tatu kwa basi. Anaishi na nani? Na mtoto wangu, nikasema, mama wa mtoto aliolewa kwingine.

"Huyo mtoto anakujua?"

Nikamjibu kwamba tunaongea kwenye simu. Akaendelea kurekebisha uzio wake. Lakini mimi nilikuwa nimeshakumbuka ile Jumapili uliyompa Tekla simu. Alisema, "Haloo baba," moyo wangu ukajaa. Kisha akasikia sauti yangu akasema, "Aa, kumbe ni wewe, baba wa kwenye simu. Nilijua ni baba." Alimtaka Beno. Simlaumu mdogo wangu, amembeba mgongoni mtoto akiumwa homa wakati mimi nabadilisha tairi. Ila iliniuma mama. Inaniuma hadi leo.

Sampo ya gari, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka, na rejeta ya maji imetoboka. Fundi alimaliza mstari wa Tekla wote, akabakiza karatasi.

Wiki iliyopita ndipo nilipokwenda kwa mzee kumwambia ukweli wote, hata wa kuzima injini. Alikasirika, kisha akasema mkataba ni mkataba: nikiondoka, gari lisilale na hesabu yake isikose. Maana yake niweke dereva wa kushika kwa muda. Nimezunguka Katesh yote. Asiye na kazi kipindi hicho ni mmoja tu, Isaya. Ndiyo, huyo huyo. Nimemwapisha kwamba hatazima injini, ameapa huku anacheka. Sina amani. Akiliangusha, kazi yangu ya karibu miaka miwili imekwisha na mimi naanza tena kuosha magari ya watu. Nimelala nalo hilo siku tatu. Lakini gari naweza kulitafuta tena, darasa la kwanza la Tekla halirudi. Kwa hiyo nimeuza simu, nauli ninayo mkononi. Nafanya kazi hadi Krismasi ipite, abiria wakiwa wengi, halafu napanda basi.

Nisalimie Beno, mwambie namshukuru na asinichukie nikimwomba siku ya kwanza ya shule abaki nyumbani. Msalimie shangazi, mdai zile mbegu za boga alizoniahidi. Padri mwambie naomba dua, asiulize ya nini.

Tekla usimpe salamu, nazileta mwenyewe. Nikishuka pale njia panda akajificha nyuma yako, nakuomba usimsukume mbele, wala usimwambie huyu ndiye baba yako. Mwache anitazame mpaka aridhike mwenyewe. Nina siku kumi za kukaa hapo nyumbani.

Mwanao anayekupenda,
Damasi