Dakika Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya sita ya utafiti. Miguu imekufa. Kusimama saa nane mlangoni mwa idara ya dharura na fomu mkononi si mchezo. Nilipokuwa muuguzi wodini angalau nilikuwa nakaa chini mara mojamoja.

Kazi yenyewe ukimwelezea mtu anacheka. Mgonjwa anaingia, naandika saa. Muuguzi wa meza mpya anampima, naandika saa. Basi! Zamani watu walikaa karibu saa nzima kabla hata ya kupimwa presha. Sasa kuna meza mlangoni na muuguzi mmoja, anakupa kadi nyekundu, njano au kijani kufuatana na hali yako. Profesa anataka kujua kama meza inasaidia kweli au ni pambo tu.

Mama ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mtafiti. Leo mwenye duka kaniita "daktari wa utafiti". Sikumsahihisha. Nimependa!

Jumanne, 5 Machi

Daktari wa zamu katimiza miaka arobaini. Keki kubwa kwenye chumba cha wafanyakazi. Nikasema naingia dakika tano tu. Vicheko, picha, soda. Halafu kochi. Niliegemea kidogo, wallahi kidogo — nafumbua macho, saa sita na robo! Niliingia mle saa nne na nusu hivi.

Kule nje meza tupu. Muuguzi wake alikuwa ameitwa ndani, majeruhi wa ajali. Wagonjwa saba niliokuwa nimewaandika saa za kuingia hawapo tena kwenye viti. Wote wameshachukuliwa. Saa za kupimwa: wazi, wazi, wazi.

Nikazijaza. Dakika kumi na tano, ishirini, kumi na nane... Yule mama mwenye sweta ya kijani, aliyekuja na mumewe mwenye suruali ya madoa ya rangi, nikampa kumi na mbili. Kumi ingeonekana ya kubuni.

Ni siku moja tu. Haitajirudia.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee wa takwimu kaniita. Tunamwita Desimali, amebakiza mwaka mmoja astaafu na hajawahi kukosea hesabu hata ya chai. Kageuza kioo cha kompyuta upande wangu, kaniuliza kwa upole mbona Jumanne kati ya saa nne na saa sita hakuna mtu aliyesubiri zaidi ya dakika ishirini, na daftari la chumba cha majeruhi linasema kulikuwa na ajali ya basi.

Nikasema meza ilifanya kazi vizuri.

Akanitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Haya, mwanangu. Mimi nimeuliza tu."

Jasho lilinitiririka mgongoni hadi kiunoni. Na feni inazunguka!

Jumatatu, 11 Machi

Kuna malalamiko. Barua ya mkono, kurasa mbili, imefika kwa Matroni na Matroni kaisoma kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi. Fundi rangi mmoja analalamika kwamba mkewe alisubiri saa moja na dakika arobaini bila kuguswa na mtu. Kiharusi. Mkono wa kulia hausogei, maneno yanatoka kwa shida. Ni mshonaji wa nguo. Alikuwa amevaa sweta ya kijani.

Matroni kasema tusiwe na wasiwasi, safari hii tunao ushahidi, tunao utafiti. Watu wakapumua kwa furaha. Mwenzangu kanipiga bega: "Umetuokoa!"

Nimekwenda chooni. Nimekaa humo mpaka wakagonga.

Jumanne, 12 Machi

Niandike ukweli angalau humu, hakuna anayesoma.

Si siku moja. Leo nimepitia fomu zangu zote tangu wiki ya kwanza. Kumi na saba. Kumi na saba nilizikisia — mara simu, mara chai, mara uvivu tu. Nilikuwa najiambia moja haiui.

Na kuna lingine. Nilipokuwa naelekea kwenye keki yule mume alinifuata. Hakuniuliza choo kiko wapi, kama nilivyojaribu kujiaminisha. Aliniambia: "Sista, samahani, mke wangu mdomo umekwenda upande." Hayo hayo. Maneno ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiyasikia anakimbia. Mimi nikamnyooshea kidole: "Meza ile pale, mtaitwa." Na meza ilikuwa tupu. Niliiona tupu! Nikajiambia mimi si muuguzi sasa, mimi naandika saa tu, tumekatazwa kuingilia.

Tumekatazwa kuingilia foleni. Hakuna aliyetukataza kuita mtu.

Ijumaa, 15 Machi

Kikao cha malalamiko. Chumba cha mikutano, maji ya chupa, kiyoyozi baridi kama mochwari. Mganga mkuu, Matroni, Profesa, mimi. Fundi rangi kaja peke yake, shati limepigwa pasi, kucha bado zina weupe wa rangi. Kakaa kwenye ukingo wa kiti.

Kaeleza taratibu, hakupandisha sauti. Mkewe alizidiwa akiwa kwenye cherehani. Wakakodi gari. Aliangalia saa ya ukutani walipoingia na akaiangalia alipoitwa. Saa nne na dakika ishirini. Saa sita kamili. Mganga mkuu kasema mtu mwenye wasiwasi huona dakika zinarefuka. Ndipo yule fundi rangi akanigeukia, uso ukamng'aa kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Basi muulizeni sista huyu. Alikuwepo. Ndiye alikuwa anaandika saa. Yeye atawaambia."

Kaniita mimi! Mimi ndiye shahidi wake.

Matroni kasukuma fomu mbele yangu. Hii ni yako? Ndiyo. Mwandiko wako? Ndiyo. Inasema dakika ngapi?

Nikasoma kilichoandikwa. "Kumi na mbili."

Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Waliuliza inasema ngapi. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni huku namwangalia yule mzee akitazama meza, midomo inatembea, anahesabu upya. Anaikagua kumbukumbu yake mwenyewe kwa sababu yangu.

Mganga mkuu kamwambia kwa heshima kwamba shauri limefungwa. Kamshukuru kwa kuja. Naye kasema asante.

Nyumbani Mama kauliza kikao kimekwendaje. Vizuri. Kaninyooshea kola, kasema nimekonda, utafiti unachosha akili.

Jumanne, 19 Machi

Nimekutana na yule fundi rangi kwenye korido ya mazoezi ya viungo. Nilitaka kugeuka, akawahi.

"Sista! Nilikuwa nakutafuta."

Nikajua yamenifika. Afadhali. Nikasimama nisubiri matusi.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kaniomba radhi! Kasema siku ile alinitia kwenye mambo mbele ya wakubwa wangu, na kumbe alikosea mwenyewe. Kamwambia mkewe usiku kucha, labda ile saa ya ukutani imesimama, labda hofu. "Umri nao, dada yangu. Nisamehe. Usije ukapata taabu kazini kwa ajili ya mdomo wangu."

Nilisema nini? Nilisema: "Haina neno, mzee."

Haina neno! Nimemsamehe! Nilitembea mpaka mwisho wa korido na mkono wangu niliubeba kama si wangu.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia Profesa. Saa tatu asubuhi, ofisini kwake, kabla sijaweka hata mkoba chini.

Kwanza alidhani nasema fomu moja. Akatabasamu kama mama. Kasema, mdogo wangu, tuna fomu mia nne na kumi, moja haisogezi wastani, tuiandike kama kasoro na tuendelee. Nikasema ni kumi na saba. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaondoka.

Kisha akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna, ingawa nadhani Desimali anajua. Akaeleza — si kwa ukali, laiti angenigombeza! — kwamba wiki ijayo uongozi unaamua kama meza inatosha na muuguzi mmoja au waongezwe wawili. Kwa takwimu zetu mmoja anatosha. Ndivyo alivyokwisha waandikia.

Hapo ndipo lilinipiga. Mahali hasa ambapo meza ilishindwa, muuguzi mmoja kuitwa ndani na watu kubaki hewani, ndipo mimi nilipolala kwenye kochi na kuandika kumi na mbili. Utafiti mzima ulikuwa unatafuta saa ile. Mimi nimeifukia.

"Nipe mpaka Jumatatu," kasema Profesa. "Nifikirie namna ya kulisema."

"Na yule mzee?"

"Yule shauri lake limefungwa."

Alhamisi, 21 Machi

Desimali kanikuta kantini, kakaa mbele yangu na kikombe chake. Hakuuliza. Kasema tu kwamba mwaka fulani, kijana bado, aliwahi kuwatoa kwenye orodha wagonjwa watatu waliokufa ili mchoro upendeze. Kila mmoja anamkumbuka kwa namba. Akanywa chai, akaondoka.

Sikula.

Ijumaa, 22 Machi

Sikungoja Jumatatu. Nimeandika barua, nakala mbili, moja kwa mganga mkuu, moja kwa kamati ya maadili. Fomu kumi na saba nimezitaja moja moja. Na lile la mdomo kwenda upande nimeliandika pia, neno kwa neno. Karani kapiga mhuri bila kusoma. Mganga mkuu atasoma mchana.

Halafu nimekuja huku, chumba cha mazoezi. Nimeona bora yule mzee na mkewe wasisikie kwa mtu mwingine.

Mama wa watu yuko mezani, amewekewa shati kuukuu, anafundishwa kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Mshonaji! Mumewe kaniona, kafurahi, kasema mama nanihii, huyu ndiye sista niliyekueleza. Nikasema nimekuja kwa habari ya saa ile. Akapunga mkono, aa, yale yalishakwisha, tusikumbushane, sema hujambo.

Mkewe akainua kichwa. Ilimchukua muda, midomo ikitafuta njia.

"Mwache... aseme."

Mimi nikafungua mdomo — mtaalamu wa viungo akanikatiza, kasema nisubiri nje, zoezi likikatwa katikati mgonjwa anakata tamaa.

Niko kwenye korido. Mzee katoka na kiti, kakifuta vumbi kwa kiganja, kasema benchi hilo lina msumari, nitachana nguo. Karudi ndani.

Sijakikalia. Naandika nimesimama, daftari ukutani. Kutoka hapa naona vifungo vinne vimefungwa. Mkewe hatazami shati. Ananitazama mimi, na vidole vinaendelea vyenyewe kutafuta cha tano —