Lenzi Isiyovuta

Kolwezi, Jumapili

Yaya Kabemba,

Mama amepona malaria, anakusalimia.

Umeuliza uniletee lenzi gani ya kamera: inayovuta watu wa mbali, au isiyovuta. Nilitaka inayovuta, maana naona haya kusogelea watu. Lakini jana niliazima inayovuta ya mwalimu wangu, nikampiga picha Mama Aicha, muuza samaki, nikiwa ng'ambo ya barabara. Akaniona.

"We mutoto! Unaniiba sura kama mwizi wa kuku? Kuya hapa, unisalimie kwanza!"

Nilivuka, nikamsalimia. Akacheka, akafunga kitambaa chake upya, akanitazama machoni, nami nikampiga tena, safari hii kwa karibu. Hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza ninayoipenda.

Basi niletee isiyovuta, Yaya. Haya yangu haitaisha leo, lakini miguu ninayo.

Mdogo wako,
Falonne