Pensheni Uliyoniambia Niichukue Yote

Mjukuu wangu mhasibu,

Mimi mzima, goti tu linasumbua. Kuku wanataga vizuri. Salamu zimeisha.

Uliniambia, "Bibi, chukua pensheni yote kwa mkupuo, ya kila mwezi ni ya wazee." Kwani mimi ni nani, mwali? Nikasaini bila kuuliza mtu, maana nilishawaringia wapishi wenzangu wa kazini kwamba wewe, mjukuu na mume wangu, ni msomi. Kumbe anayechukua yote anapoteza na matibabu! Sasa dawa za presha nanunua kwa hela ya mayai. Mama yako anasema unaona aibu kunipigia. Aibu yako inashusha presha?

Nimekwenda ofisi ya pensheni mwenyewe. Dada wa dirishani kasema uamuzi unaweza kufutwa kabla mwezi haujaisha, nikirudisha fedha na aliyenishauri akaandika kwamba alikosea. Fedha ziko benki, sijazigusa. Kilichobaki ni wewe.

Usinitumie zawadi wala mtu wa kukuombea msamaha. Njoo Jumatatu, usimame pale dirishani, uandike kwa mkono wako huo wa kisomi. Shikamoo yako nitaiitikia ukishasaini.

Ni mimi bibi yako, na bado nimekasirika.